Lwiro: jumba la serikali lenye historia yetu

Mtoto wa Bukavu akifika Lwiro mara ya kwanza, anaangalia lile jumba kubwa na kuuliza: "Papa, ni mwami gani anakaa humu?"

Hakuna mwami. Ni nyumba ya serikali, iliyojengwa kwa ajili ya utafiti. Mwaka wa 1947, wakati Bukavu ilikuwa bado inaitwa Costermansville, Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya kati, IRSAC, chini ya Profesa Louis van den Berghe. Makao yake makuu wakayaweka Lwiro, katika teritware ya Kabare, zaidi ya kilometa 40 kaskazini mwa Bukavu. Kutoka mjini, familia inapita Kavumu, kisha inaacha barabara kubwa na kupanda upande wa milima ya Kahuzi.

Ndani kuna maktaba, mimea iliyokaushwa, samaki na nyoka waliohifadhiwa katika chupa. Tangu 2002 kuna pia kituo cha kulea sokwe walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Hapo ndipo watoto wanachelewa zaidi.

Lakini wazazi wangefaa kuwasimulia pia habari ya Idjwi. Katika miaka ya 1960, watafiti waliokuwa wakifanya kazi Lwiro walivuka ziwa kuchunguza ugonjwa wa rovu, ule uvimbe wa shingo. Kisiwa kizima kilikosa madini ya iodini, lakini rovu ilikuwa nyingi zaidi kaskazini. Kwa nini? Walipochunguza chakula, waliona kwamba watu wa kaskazini walikula muhogo zaidi, na muhogo usiotayarishwa vizuri unazuia mwili kutumia ile iodini kidogo uliyo nayo. Leo, mama anaponunua chumvi yenye iodini sokoni Kadutu, jibu lililotafutwa Idjwi linamhusu pia. Na jibu hilo lilitoka kwa wakaaji waliokubali kupimwa shingo na kueleza wanakula nini. Wazungu waliandika vitabu. Wenye elimu ya kwanza walikuwa wenye kisiwa.

Baada ya uhuru, jumba lilibaki mikononi mwa taifa. Sasa linaitwa Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Asili, CRSN, na wanasayansi wake ni Wakongomani. Vita vya 1996 na vya 1998 vilipita Kivu, na jumba likabaki limesimama. Halafu tarehe 14 Februari 2025 M23 walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na tarehe 16 mji wa Bukavu ukawa mikononi mwao. Barabara ile ile ya kwenda kutembea ikawa barabara ya kukimbilia.

Familia zilizohama zinajua maana ya kuacha nyuma vyeti, picha na daftari za shule. Kitabu au chupa ikipotea Lwiro, ni hasara ya namna hiyo hiyo, lakini ni ya jimbo zima.

Kwa hiyo, njia zikiwa salama na familia ikifika kule, mzazi amjibu mtoto hivi: humu hakukai mwami. Humu mnatunzwa habari za ziwa letu, milima yetu na chakula chetu. Ni mali ya serikali, maana yake ni yetu sote.