Somo la Nane: Presha ya Damu Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

Leo tutaeleza habari za maradhi mawili yaliyokutana mwaka 2020. Ya kwanza ni Uviko, iliyoenea duniani kote. Ya pili ni presha ya damu, ambayo hukaa na mtu miaka mingi bila kumwuma, na mwisho huweza kumletea kiharusi au kuziba mshipa wa moyo.

Tazameni Uingereza. Mwezi wa Machi mwaka ule serikali iliamuru watu wakae majumbani. Watu wakatii, lakini hofu ikapita kiasi. Mwaka 2019 hospitali za England zilipokea kila juma wagonjwa kama 3,000 waliozibika mshipa wa moyo ghafula. Mwisho wa Machi 2020 walikuwa kama 1,800 tu. Je, mioyo ilipona? La! Wengi walibanwa na kifua wakanyamaza, wakiogopa kuambukizwa hospitalini.

Hofu ya pili ilihusu vidonge. Baadhi ya wataalamu walidhani kwamba dawa fulani za presha huenda zikairahisishia Uviko kuingia mwilini. Tarehe 13 Machi madaktari wa moyo wa Ulaya waliwasihi wagonjwa wasiache dawa, maana ushahidi haukuwapo. Huko Brazil jambo hilo likajaribiwa kwa wagonjwa 659 waliolazwa kwa Uviko. Wengine walisimamisha dawa hizo siku 30, wengine wakaendelea kuzimeza. Matokeo yalichapishwa Januari 2021: walioendelea hawakupata madhara zaidi ya wenzao.

Basi mgonjwa afanyeje kliniki ikiwa mbali au imejaa? Mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci alitengeneza kipimo chenye mfuko wa mpira wa kufunga mkononi. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff alionyesha namna ya kusikiliza mshipa. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa ya daktari na muuguzi. Zilipopatikana mashine ndogo, mgonjwa naye akaweza kujipima.

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watu 1,182 huko England. Waliojipima nyumbani, na madaktari wakatumia hesabu zao kupanga dawa, baada ya mwaka presha yao ilikuwa chini kuliko ya waliopimwa kliniki peke yake. Angalieni sana maneno hayo: hesabu zilimfikia daktari, naye akazifanyia kazi. Kwa hiyo Uviko ilipokuja, idara ya afya ya nchi hiyo ilianza kuwagawia wagonjwa mashine za kujipimia nyumbani.

Fundisho lake ni hili. Mgonjwa huweza kujilinda nyumbani, lakini asiachwe peke yake. Awe na vidonge vya kutosha, daftari la hesabu zake, na mtu wa kumwuliza. Asiache dawa kwa uvumi. Na kifua kikimbana, aende hospitali mara moja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini wagonjwa wa moyo walipungua hospitalini?
2. Kujipima bila kumwarifu daktari kunafaa nini?
3. Kijijini kwenu, njia zikifungwa, nani atawapelekea wazee vidonge?