Kisangani: namna ya kupunguza makala jikoni

Katika mitaa mingi ya Kisangani, siku inaanza na mbabula. Tangu Mangobo mpaka Kabondo, tangu Makiso mpaka Lubunga ng'ambo ya mto, familia zinapika kwa makala ao kuni. Makala yanaingia mjini kwa baiskeli, pikipiki na mitumbwi. Mvua ikiharibu barabara, bei inapanda. Mama anayenunua kwa kafuko kadogo kila siku ndiye anayeumia zaidi, sababu kwa kafuko analipa kilo moja bei ya juu kuliko mwenye gunia nzima.

Juu ya nini si umeme?

Kisangani iko na kituo cha umeme cha SNEL kwenye mto Tshopo, kilichojengwa wakati wa ukoloni. Kina mashine tatu, na nguvu yake yote haifike megawati 20. Kwa mji mkubwa hivi, ni kidogo. Hata umeme ukiwepo, mara mingi ni zaifu: resho ya volti 220 ikipata volti 160, inatoa karibu nusu tu ya joto lake. Ndiyo maana hata wenye umeme wanaweka mbabula karibu.

Mti mwingi, makala kidogo

Katika tanuru ya udongo ya kawaida, kilo 100 za mti mukavu zinatoa kama kilo 10 mpaka 20 za makala. Kwa hiyo kila kopo la makala linalookolewa nyumbani linaokoa miti mingi porini. Huko Yangambi, shirika la CIFOR kwa msaada wa Umoja wa Ulaya limepandisha miti ya akasia ili watu wapate kuni bila kukata pori la asili.

Mbabula yenyewe

Mbabula ya bati tupu inapoteza joto pembeni. Ile iliyowekwa udongo wa kuchomwa ndani inashika joto. Kenya ilianza kueneza majiko ya namna hii katika miaka ya 1980, na Goma inayajua vilevile. Yanaweza kupunguza makala kwa kilo 30 mpaka 50 juu ya kila 100. Wakati wa kununua, angalia kama udongo haujapasuka na kama sufuria inakaa vizuri, karibu na moto.

Namna ya kupika

- Maharagi: loweka usiku muzima, mwaga yale maji, kisha pika kwa maji mapya.
- Funika sufuria. Maji yakisha kuchemka, kuongeza makala hakuongeze joto la maji; kunaongeza mvuke tu. Punguza moto.
- Wali, na maharagi yaliyokwisha kuchemka sana kwa nusu saa, vinaweza kumalizika bila moto: funga sufuria katika blanketi, weka ndani ya kikapu. Mbele ya kula, hakikisha vimeiva, kisha chemsha tena.
- Lituma: kata ndizi vipande vidogo mbele ya kuchemsha. Zitaiva mbio.
- Sombe ni tofauti. Majani ya muhogo yana sumu inayotoka na mvuke. Yatwange vizuri, yachemshe kwanza bila kifuniko, na usifupishe wakati wake kwa kutafuta kuokoa makala.
- Chakula kikisha kuiva, tia makala yaliyobaki katika chungu cha chuma chenye kifuniko. Yatazimika bila maji, na kesho yatatumika tena. Makala yenye maji yanapoteza joto kwa kujikausha.

Hatari ya kukumbuka

Makala yanayowaka hayatoe moshi mwingi, lakini yanatoa gesi isiyo na harufu inayoweza kuua. Usilale na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama ni baridi ya mvua. Usiwashe moto kwa plastiki: moshi wake unaumiza mapafu, zaidi ya watoto.

Kujua kama unaokoa

Juma moja, pima kwa kopo lilelile makala ya kila siku na uandike. Juma la pili, fuata njia hizi, pika vyakula vilevile, pima tena. Tofauti ya makopo, zidisha kwa bei ya sokoni. Hiyo ndiyo feza iliyobaki nyumbani, ya chumvi, ya sabuni ao ya daftari la mtoto.