Mlango Uliofungwa Miaka 55



Wewe unayejaza fomu za chuo cha biashara huku moyo unakudunda kwa usaili, soma kidogo historia hii.

Skuli ya biashara ya Harvard, Marekani, ilifunguliwa 1908 kwa wanaume tu. Mwaka 1937 wanawake walianzishiwa kozi ya utumishi katika chuo jirani cha Radcliffe. Walisomeshwa na walimu wa Harvard, lakini shahada hawakupewa. Mwaka 1959 waliomaliza Radcliffe waliruhusiwa kuomba kuingia mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Mwaka 1963 ndipo wanawake wanane walipoanza mwaka wa kwanza sawa na wanaume.

Zaidi ya miaka 1,300 kabla ya hapo, Bi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara mkubwa Makka. Yeye ndiye aliyechagua nani apeleke mali yake Sham, na alimchagua Muhammad (S.A.W.), kabla ya utume, kwa uaminifu wake.

Basi dada, mbele ya wasaili usijipambe kwa uongo. Sema ulichofanya, ulipokosea na unachokitaka. Allah akufungulie. Amin.