Mlipuko ukiingia, nani anaamua kuhusu soko, maji na kliniki ya mtoto wako?

Aprili 2020 mama mmoja alifika kwenye zahanati niliyokuwa nafanya kazi, mtoto mgongoni, mwingine amemshika mkono. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka kitongoji cha mbali kwa sababu kliniki ya mkoba, ile tunayoipeleka kwao chini ya mwembe kila mwezi, haikufika. Akaniuliza, "Nesi, nani kasema isije?" Sikuwa na jibu. Nilidhani agizo limetoka wilayani. Baadaye nikajua limetoka kwenye kikao cha watu wasiofika kumi na tano, kilichofanyika karibu kabisa na zahanati yetu, na kwamba sisi wa afya tulialikwa na hakuna aliyekwenda. Siku ile tulikuwa na foleni ndefu, tukasema watatuletea taarifa.

Makala haya ni kwa ajili ya mama au mlezi ambaye amewahi kujiuliza swali kama la mama yule. Nitaeleza maamuzi yanavyofanyika katika mji mdogo hapa Tanzania wakati wa mlipuko, na wapi sauti yako inaweza kuingia kabla mambo hayajaamuliwa.

Amri kubwa na maamuzi madogo

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa mikusanyiko. Wanafunzi wa kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Amri za namna hii hutoka Serikali Kuu, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa Waziri wa Afya na maafisa afya mamlaka ya kuchukua hatua ugonjwa unapolipuka. Diwani wako hawezi kuzibadili.

Lakini amri kubwa haimalizi kazi. Ikisema "epukeni misongamano", haisemi meza ya nani sokoni ihamie wapi. Ikisema "naweni mikono", haisemi ni nani atakayejaza ndoo saa kumi na mbili asubuhi. Hayo huamuliwa chini, na ndiyo yanayomgusa mama kila siku.

Kuna jambo jingine lililofanya ngazi ya chini iwe na uzito mwaka ule. Takwimu za taifa zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020 zikiwa kwenye wagonjwa 509. Kuanzia hapo viongozi wa mitaa na vitongoji walikuwa wanaamua bila kujua hali ikoje kwa jirani. Katikati ya mwaka mabaraza ya madiwani nayo yakamaliza muda wake kupisha Uchaguzi Mkuu wa tarehe 28 Oktoba. Waliobaki na dhamana ya kuchaguliwa karibu na wananchi walikuwa wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, waliochaguliwa Novemba 2019, wengi wao wageni kabisa kwenye kazi hiyo.

Mji mdogo unaongozwaje?

Miji kama Himo, Mirerani, Katoro au Kibaigwa penye soko kubwa la mahindi imekua ikapita ukubwa wa kijiji, lakini haijawa halmashauri inayojitegemea. Sheria inaipa mamlaka ya mji mdogo, ambayo iko chini ya halmashauri ya wilaya. Ndani yake hakuna vijiji. Kuna vitongoji, na wenyeviti wa vitongoji hivyo ndio hukaa pamoja kama baraza dogo la mji, wakamchagua mwenyekiti miongoni mwao. Mtendaji wa mji huandika muhtasari na kusimamia utekelezaji.

Pembeni ya hapo kuna kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani, na katibu wake ni mtendaji wa kata. Juu ni baraza la madiwani la wilaya, lenye kamati zake. Kwetu sisi iliyo muhimu zaidi ni ile inayoshughulikia elimu, afya na maji. Mganga Mkuu wa Halmashauri ndiye mkuu wa huduma za afya hapo. Mkuu wa Wilaya yeye ni mtu wa Serikali Kuu. Hakuchaguliwa na baraza, lakini wakati wa mlipuko neno lake ni zito kwa sababu anaongoza kamati ya ulinzi na usalama. Kama unaishi Dar es Salaam, Mwanza au mji mwingine mkubwa, soma "mtaa" kila ninaposema kitongoji.

Utaona kwamba mji mdogo una watu wengi na shughuli nyingi, ila mfuko wake ni mdogo. Bajeti yake hupitia halmashauri ya wilaya. Hivyo kikao kinaweza kukubaliana vizuri kabisa kuhusu ndoo ishirini za koki, halafu ndoo zisionekane kwa wiki sita. Usikimbilie kusema zimeliwa. Uliza kwanza: fedha zilipitishwa wapi, na ombi limefika wapi?

Kliniki ilivyosimama kwetu, na ilivyorudi

Narudi kwa mama yule. Kikao kilikuwa kinatekeleza agizo la kuzuia mikusanyiko. Wajumbe wakaorodhesha ngoma, harusi, mnada wa Jumamosi, mikutano ya hadhara. Mmoja akasema, "Na ile ya akina mama chini ya mwembe, wanajaa sana." Ikaandikwa. Hakukuwa na ubaya wowote, na kwa kweli akina mama walikuwa wanajaa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba chanjo za kawaida za watoto haziko kundi moja na ngoma. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaelekeza Machi mwaka huohuo kwamba kampeni kubwa za chanjo zisubiri, lakini chanjo za kila siku ziendelee pale zinapoweza kutolewa kwa usalama. Waraka kama huo hauwezi kujisomea wenyewe kikaoni.

Miezi miwili ikapita. Kilichogeuza mambo si barua yetu ya zahanati. Tulikuwa tumeiandika, ikakaa. Mama yule alikusanya kadi za kliniki za majirani zake, kama nane hivi, akazipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, akamwomba aziweke mezani kwenye kikao kinachofuata. Kila kadi ilikuwa na mahali patupu palipopaswa kuwa na tarehe. Mwenyekiti alizipitisha mkono kwa mkono. Safari hii na mimi nilikuwepo, nikaulizwa maswali mawili tu: kliniki inaweza kufanyika bila msongamano? Na mnahitaji nini?

Ikaamuliwa kliniki irudi, ila kwa zamu: nusu ya kitongoji asubuhi, nusu nyingine baada ya saa sita. Mabenchi yawe ya shule, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa. Akina mama wajitengenezee vibuyu chirizi viwili mlangoni, sabuni itoke zahanati. Mzani wa kupimia watoto uhamishwe kutoka tawini uwekwe barazani kwenye ofisi ya kitongoji, penye hewa. Haikuchukua nusu saa.

Tulipofungua rejista tukaona pengo. Watoto wa miezi 9 waliotakiwa kupata chanjo ya surua na rubela walikuwa wamepita siku zao. Wengi tuliwapata. Wengine hatukuwapata, familia zilikuwa zimehamia mashambani na hakuna aliyejua upande gani. Surua ni ugonjwa unaosubiri mapengo ya aina hii. Mwaka 2022 ulilipuka katika wilaya kadhaa nchini, na Februari 2024 ikafanyika kampeni ya kitaifa ya kuchanja watoto chini ya miaka 5. Siwezi kusema kikao chetu ndicho kilichosababisha chochote katika hayo. Najua tu kwamba miezi ile miwili ilikuwa yetu, na ningeweza kuizuia kwa kukaa kwenye kiti saa moja.

Mlango unapofungwa kwa sababu ya ugonjwa

Wakati wa kawaida mkutano mkuu ndio uwanja wako. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anaruhusiwa kuingia, kusema na kuuliza, na taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa isomwe mbele yenu. Vikao vya baraza la madiwani navyo viko wazi. Unaweza kukaa na kusikiliza hata kama huruhusiwi kuchangia.

Mlipuko ukija, mkutano mkuu ndio wa kwanza kusimama, kwa sababu nao ni msongamano. Maamuzi yanahamia chumbani kwa watu wachache. Hapo mama muuza mboga, bibi anayelea wajukuu na binti mwenye mimba ya kwanza wanatoka kwenye picha bila mtu yeyote kuwafukuza. Ndiyo maana inafaa kujua mapema ni nani anaingia chumbani humo akitokea upande wako.

Wapo. Diwani wa viti maalum anayeishi kwenye kata yako ni mjumbe wa kamati ya kata. Mwenyekiti wa kitongoji unamfahamu. Kila zahanati na kituo cha afya kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na kamati hiyo ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani: tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na matumizi yake yanapitia kwa kamati. Sabuni, mafuta ya pikipiki ya mkoba, ndoo, vyote vinaweza kujadiliwa hapo bila kusubiri wilaya. Waulize watoa huduma wajumbe wenu ni akina nani. Kama nesi anababaika kujibu, mwulize mganga mfawidhi.

Na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, mpe ujumbe. Sema jambo moja, lenye idadi. "Watoto sita wa upande wetu hawajachanjwa tangu mwezi wa pili" huandikwa kwenye muhtasari. "Tunateseka sana" huitikiwa kwa kichwa, mjadala ukaendelea.

Soko na maji

Kuhusu soko nina maoni yangu. Kufunga soko lote ni rahisi kwa aliye na mshahara. Mama lishe na muuza dagaa hawana akiba ya wiki mbili, na mtoto wake anakula kilichouzwa leo. Palipofanyika vizuri nilikoona, meza zilihamishiwa uwanja wa mpira na kupangwa mbalimbali, na wafanyabiashara wenyewe wakachora mistari kwa chokaa. Palipofanyika vibaya walihamishwa kwenda mahali pasipo choo. Wanawake wakawa hawanywi maji kutwa nzima ili wasihitaji kwenda haja, na nikaanza kuwaona zahanati wakiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, wengine wajawazito. Soko likihamishwa, uliza choo kiko wapi kabla hujauliza kivuli.

Ndoo nazo hazijijazi. Kwenye vikao vingi jukumu hilo huandikwa "wafanyabiashara", na kwa vitendo humwangukia msichana wa miaka 12 ambaye shule imefungwa. Maji yakitajwa, mwambie mjumbe wako ahakikishe limeandikwa jina la anayejaza na chanzo cha fedha za kununulia maji.

Fedha kubwa zinapokuja baadaye

Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Wengi tunaukumbuka kwa madarasa: 15,000 nchi nzima, kila moja kwa Shilingi milioni 20. Fedha zilifika zikiwa na haraka, na kamati za shule zikajikuta zinanunua saruji na kutafuta mafundi. Walioketi kwenye kamati hizo ndio waliojua kwa nini darasa lilijengwa upande huu wa korongo na si ule. Fedha za namna hii zikija tena, hazitasubiri ujifunze ngazi za halmashauri.

Kama mtoto wako amekosa chanjo sasa hivi

Nenda kituo chochote siku yoyote ya kliniki, hata kama tarehe imepita sana. Mtoto haanzi upya, anaendelea alipoishia. Surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Kadi ikiwa imepotea, nenda kwenye kituo alikochanjwa mwanzo ili watafute kwenye rejista, na uwaambie mwezi aliozaliwa na jina la kitongoji mlichokuwa mkiishi wakati huo. Kama kliniki yenu ya mkoba imesimama na hakuna aliyewaeleza sababu, kusanyeni kadi zenu mzipeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kikao kinachofuata.