Kununua kompyuta Bujumbura: nani atapatikana siku kifaa kitakapoharibika?

Kwa familia nyingi za Bujumbura, kompyuta moja ni akiba ya miezi mingi. Ni chombo cha mwanafunzi anayeandika tasnifu yake, cha kijana anayefungua ofisi ndogo ya kuchapa na kunakili, au cha mfanyabiashara anayetaka kuweka hesabu zake sawa. Kifaa hicho kikizimika wiki ya pili baada ya kununuliwa, swali la kwanza ni moja: nani atakitazama bila kudai fedha nyingine? Mara nyingi jibu hutegemea mahali kiliponunuliwa kuliko jina la kampuni iliyokitengeneza.

Biashara iliyotawanyika

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2013, mtu aliyetafuta redio, simu au televisheni aliweza kuzunguka soko kuu la Bujumbura na kulinganisha bei za wauzaji wengi katika eneo moja. Jumapili ya tarehe 27 Januari mwaka huo, soko hilo liliteketea kwa moto. Wafanyabiashara waliopoteza vibanda na bidhaa zao walilazimika kuanza upya kwingineko.

Leo mnunuzi anakutana na biashara iliyogawanyika. Katikati ya mji, kandokando ya barabara ya Prince Louis Rwagasore na mitaa inayoizunguka, kuna maduka yenye vioo na vibao. Kuna masoko kama Ruvumera, Cotebu na Bujumbura City Market lililoko Ngagara, ambalo wakazi wengi hulitambua kwa jina la kwa Siyoni. Kuna pia karakana za mafundi katika mitaa kama Buyenzi na Bwiza, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya biashara tangu zama za ukoloni. Kulinganisha bei sasa kunahitaji siku nzima ya kutembea, na muuzaji wa upande mmoja wa mji huenda asijue bei ya mwenzake wa upande wa pili.

Thamani ya faranga na bei ya dukani

Karibu kila kifaa cha elektroniki kinachouzwa Burundi kimetoka nje ya nchi, na mwagizaji hukilipia kwa dola. Mwezi Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa takriban asilimia 38 dhidi ya dola. Pengo kati ya bei rasmi ya dola na ile ya soko lisilo rasmi halikutoweka. Baadaye dola ya mitaani ilifikia zaidi ya mara mbili ya ile ya benki. Mfanyabiashara asiyepata dola benki hupanga bei kwa kufuata ile ya mitaani.

Njia za kuingizia bidhaa nazo zina gharama zake. Mizigo inayoshuka bandari ya Dar es Salaam husafiri kwa malori hadi mpaka wa Kobero, au hupitia Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika. Mwezi Januari 2024, Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda, na waliokuwa wakileta bidhaa kupitia Kigali wakalazimika kutafuta njia nyingine.

Kwa mnunuzi, funzo ni kwamba bei aliyotajiwa wiki iliyopita haina uhakika. Anayepanga kununua baada ya muda aombe bei iliyoandikwa, yenye tarehe na siku ambazo muuzaji ataiheshimu.

Wauzaji wa aina tatu

Duka la katikati ya mji kwa kawaida huuza kwa bei ya juu zaidi. Kinacholipiwa hapo ni anwani ya kudumu, risiti, na mara nyingi dhamana ya miezi kadhaa. Hata hivyo, dhamana hutofautiana. Dhamana ya mtengenezaji huenda isitambuliwe nje ya eneo ambalo kifaa kilikusudiwa kuuzwa. Ile ya duka hutegemea duka lenyewe. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize: kifaa kikiharibika, kinatengenezwa hapa Bujumbura au kinapelekwa nje? Nani hulipa usafiri? Betri na chaja zimo katika dhamana? Jibu la mdomo liandikwe kwenye risiti.

Sokoni, ushindani huteremsha bei, na mnunuzi mwenye subira hupata nafuu. Soko linafaa kwa vitu vidogo ambavyo vinaweza kujaribiwa papo hapo, kama nyaya, spika, redio au taa. Tahadhari kubwa ni kwa flashi na kadi za kuhifadhia data. Zipo zinazouzwa kwa jina la ukubwa wa terabaiti 1 ilhali uwezo wake halisi ni mdogo sana: zimewekewa programu inayoidanganya kompyuta, na faili hupotea nafasi halisi inapojaa. Programu za bure kama H2testw huweza kubaini udanganyifu huo kwa kujaza flashi na kuisoma tena.

Fundi anayeuza kompyuta zilizotumika ana faida ambayo duka kubwa mara nyingi halina: anaifahamu mashine, na huenda ameifungua kwa mikono yake. Fundi mwenye karakana iliyodumu miaka mingi katika mtaa mmoja ana jina la kulinda, na jina hilo ndilo dhamana yake. Udhaifu wake ni karatasi. Bila hati inayoonyesha kifaa kimetoka wapi, mnunuzi anaweza kujikuta na mali ya wizi. Karatasi moja yenye jina la muuzaji, namba ya kifaa, bei, tarehe na saini huwalinda wote wawili.

Kuagiza nje na zawadi za ughaibuni

Wengine humwagiza msafiri aendaye Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Dubai, ambako barabara ya Khalid Bin Al Waleed imejulikana kwa miaka mingi kwa maduka ya kompyuta. Bei huko huvutia, lakini kifaa kikiwa na kasoro kukirudisha ni safari nyingine.

Warundi wanaoishi Ulaya, Marekani, Kanada au Australia nao huwatumia ndugu zao vifaa. Wanaofanya hivyo wazingatie mambo matatu. La kwanza ni umeme. Burundi hutumia volti 220, wakati Marekani hutumia volti 120. Chaja nyingi za kompyuta na simu zimeandikwa 100–240V na hazina tatizo, lakini printa, spika na vyombo vya jikoni vilivyotengenezwa kwa volti 120 pekee vinaweza kuungua vikichomekwa Bujumbura. La pili ni plagi. Soketi za Burundi hupokea pini mbili za duara; vifaa kutoka Dubai au Uingereza huja na pini tatu bapa, na vya Australia vina umbo lake tofauti. Adapta huhitajika, na zile za bei rahisi mara nyingi hazina njia ya kupeleka umeme ardhini. La tatu ni kibodi. Shule na ofisi za Burundi zimezoea kibodi ya Kifaransa inayoanza na herufi AZERTY, ilhali mashine za Dubai na Marekani huja na QWERTY. Kwa mwanafunzi anayeandika Kifaransa kila siku, jambo hili si dogo.

Kuhusu forodha, jedwali la pamoja la ushuru la Jumuiya ya Afrika Mashariki limeziweka kompyuta kwenye kiwango cha asilimia 0. Hata hivyo, ushuru wa forodha ni sehemu moja tu ya malipo ya mpakani. Ni busara kuuliza Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, kabla mzigo haujatumwa.

Kukagua kompyuta iliyotumika

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, hifadhi ya gigabaiti 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa wasindikaji wa Intel Core, kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi kinasomeka katika jina lenyewe: i5-7200U ni cha saba, i5-8250U ni cha nane. Kompyuta ya kizazi cha saba si takataka, kwa kuwa inaweza kufanya kazi vizuri kwa mfumo wa bure wa Linux, lakini bei yake inapaswa kuakisi hali hiyo.

Mambo mengine ya kukagua mbele ya muuzaji ni haya:

• Betri. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa wa sasa haufiki nusu, mnunuzi aingize gharama ya betri nyingine katika hesabu yake.

• Diski. Kompyuta yenye diski ya SSD huwaka haraka zaidi na hustahimili mitikisiko kuliko yenye diski ya zamani inayozunguka.

• Kufuli. Mashine izimwe na kuwashwa upya. Ikidai nywila kabla ya mfumo kufunguka, au ikionyesha jina la kampuni au shule ya nchi nyingine, isinunuliwe hadi kufuli hilo liondolewe. Vivyo hivyo kwa simu iliyofungwa kwa akaunti ya mmiliki wa awali.

• Namba ya simu ya mkononi. Kubonyeza *#06# huonyesha namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Ilingane na ile iliyo kwenye boksi, na iandikwe kwenye risiti.

• Matundu, kamera, spika na kila kitufe cha kibodi. Vyote vijaribiwe, hata kama muuzaji ana haraka.

Anayenunua printa aulize kwanza bei ya wino na kama wino huo unapatikana mjini wakati wote. Printa ya bei nafuu ambayo wino wake huagizwa nje humgharimu mwenye ofisi ya kunakili zaidi ya ile ya bei kubwa yenye matangi ya kujaziwa.

Umeme unaokatika

Mgawo wa umeme wa Regideso na uhaba wa mafuta ya jenereta vinaathiri uchaguzi wa kifaa. Kompyuta mpakato, kwa kuwa ina betri yake, humpa mtumiaji nafasi ya kuhifadhi kazi umeme unapokatika. Kompyuta ya mezani huzimika papo hapo, na umeme unaporudi kwa nguvu isiyo thabiti unaweza kuiunguza. Anayechagua ya mezani anunue pia kidhibiti umeme na betri ya dharura ya UPS, na auombe mfano wake uwashwe dukani ukiwa umechomolewa ukutani.

Kifaa kikiwa na kasoro

Sheria ya mikataba ya Burundi, yenye asili katika sheria ya Ubelgiji, humwajibisha muuzaji kwa kasoro zilizofichika ambazo mnunuzi hakuweza kuziona alipokagua. Haki hiyo ni ngumu kuidai bila ushahidi, na mnunuzi hapaswi kuchelewa. Kasoro ikionekana, arudi kwa muuzaji mara moja na risiti, boksi na kifaa chenyewe kabla hakijafunguliwa na fundi mwingine, kwa sababu kifaa kilichoguswa na mtu wa tatu humpa muuzaji hoja ya kukataa. Aliyelipa kwa Lumicash au EcoCash atunze ujumbe wa malipo. Nao ni uthibitisho wa tarehe na kiasi. Mazungumzo yakishindikana, chama cha watumiaji bidhaa cha Burundi, ABUCO, ni mahali pa kupata ushauri kabla ya kufikiria mahakama.

Kwa asiye na uhakika wowote, kuna njia rahisi ya kulijua duka kabla ya kuliamini. Aende huko kwanza na chaja mbovu au kompyuta ya zamani inayohitaji matengenezo madogo, aone inavyopokelewa, muda inaochukua na kama gharama iliyotajwa mwanzoni ndiyo itakayodaiwa mwishoni. Namna duka linavyomhudumia mwenye kifaa kibovu humwonyesha mapema jinsi yeye mwenyewe atakavyohudumiwa baada ya kulipa.