Miaka 88 ya Kubisha Hodi Bungeni

Mwaka 1915, wazee weusi waliopigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani walikusanyika Washington. Ilikuwa imetimia miaka 50 tangu gwaride kubwa la ushindi la 1865, ambalo vikosi vya askari weusi havikushirikishwa. Mji ulikuwa wa ubaguzi, basi raia weusi wa hapo wakaunda kamati ya kuwatafutia wageni wao malazi. Shughuli ilipokwisha, fedha kidogo zilibaki. Hawakugawana. Waliziweka ziwe mwanzo wa jengo la kumbukumbu ya watu weusi katika mji mkuu wa nchi yao.

Mimi ni mwalimu wa historia, Mmakua wa Masasi, na kisa hiki nakifundisha kwa moyo wote. Tumezoea kueleza makumbusho kwa vitu vilivyomo ndani. Mimi nataka wanafunzi wajue pia nani aliomba, alimwomba nani, na kwa nini mara nyingine alirudi mikono mitupu.

Kundi lile, likiongozwa na Ferdinand Lee, liliwafuata wabunge kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1929 Bunge la Marekani likakubali, Rais Calvin Coolidge akatia saini, na tume ikateuliwa. Mary McLeod Bethune na Mary Church Terrell walikuwa miongoni mwa wajumbe. Lakini tazama sharti lililowekwa: serikali ingetoa dola 50,000 pale tu wananchi watakapokuwa wamechanga dola 500,000. Mwaka huo huo uchumi ukaporomoka. Nani angechanga, na watu hawana kazi? Mwaka 1933 tume ikavunjwa. Walikuwa wamepata sheria, hawakupata fungu la fedha. Hilo ndilo somo la kwanza ninalowaandikia ubaoni.

Hoja haikufa. Mwaka 1968 mwandishi James Baldwin na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson walitoa ushahidi mbele ya kamati ya wabunge kuhusu haja ya kuhifadhi historia ya watu weusi. Kisha mwaka 1988 John Lewis, mbunge wa Georgia aliyepigwa na polisi katika maandamano ya kudai haki za watu weusi pale Selma mwaka 1965, akawasilisha muswada wa makumbusho ya historia ya watu weusi pamoja na Mickey Leland wa Texas. Mwaka uliofuata Leland alifariki kwa ajali ya ndege huko Ethiopia. Lewis akaendelea. Kule, muswada usiopitishwa ndani ya miaka miwili ya Bunge husika hufa, na anayeutaka lazima auwasilishe upya. Lewis aliuwasilisha upya kila Bunge jipya. Mwaka 1994 Seneta Jesse Helms aliuzuia. Ukarudi tena.

Mlango ulifunguka Lewis alipopata wenzake kutoka chama pinzani: J.C. Watts katika Baraza la Wawakilishi na Sam Brownback katika Seneti, wote wa chama cha Republican. Mwaka 2001 iliundwa tume ya kupanga, nayo ikaleta ripoti yenye majibu ya maswali ambayo kila mbunge huyauliza: jengo litakaa wapi, litagharimu kiasi gani, nani atalipa. Tarehe 16 Desemba 2003 Rais George W. Bush akatia saini sheria ya makumbusho hayo. Safari hii gharama ziligawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali na wachangiaji. Mkurugenzi Lonnie Bunch alipoanza kazi mwaka 2005 hakuwa na jengo wala mkusanyo wa vitu, akazunguka mijini akiziomba familia zitoe vitu vilivyohifadhiwa na mabibi zao. Makumbusho yalifunguliwa tarehe 24 Septemba 2016, kwa gharama ya takriban dola milioni 540.

Kuna sehemu inayonigusa mimi binafsi. Mbunifu mkuu wa jengo hilo, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam. Na kati ya vitu vilivyoonyeshwa humo ni vyuma vya kuzipa meli uzito kutoka São José, meli ya Kireno iliyoondoka Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 ikiwa na mateka zaidi ya 400, ikazama karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 walikufa maji, waliookolewa wakauzwa. Wengi wao huaminika walikuwa Wamakua. Mwaka 2015 udongo uliotolewa na chifu wa Kimakua ulimwagwa baharini hapo meli ilipozama. Habari za ndugu zangu zilipata pa kukaa kwa sababu watu wa nchi nyingine hawakuchoka kuwasumbua wabunge wao.

Sisi nasi tuna wabunge na madiwani. Bajeti yetu hujadiliwa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, lakini hesabu zake hupangwa wizarani miezi kabla. Asiyekuwapo na lake halipo. Anayeyapenda makumbusho ya mkoa wake amfuate mbunge mapema, akiwa na ombi moja kwenye karatasi moja: paa linalovuja, gharama ya kulitengeneza, na idadi ya wanafunzi wa jimbo hilo waliotembelea mwaka jana. Amwalike diwani aje aone kwa macho yake. Atafute rafiki katika kila chama, maana makumbusho yakionekana ni mali ya chama kimoja yatayumba kila uchaguzi. Akisaidiwa, ashukuru hadharani, mbele ya wapiga kura. Akikataliwa, asigombane; arudi mwaka unaofuata na ombi lile lile, likiwa na hesabu mpya na watu wengi zaidi nyuma yake.