Pampu ya Dizeli na Mzigo wa Mwenye Gari

Injini ya Rudolf Diesel iliyofaulu majaribio mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, iliwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda, lakini kwa kuwa mafuta yake yalisukumwa na kompresa nzito, haikufaa kwa gari dogo. Mambo yalibadilika mwaka 1927, kampuni ya Bosch ilipoanza kutengeneza kwa wingi pampu ya kupeleka mafuta kwenye nozeli, yaani kipuri kinachoyanyunyiza ndani ya silinda.

Pampu hizo za kale zinastahili sifa, kwa sababu fundi mwenye mashine ya kupimia aliweza kuzifungua na kubadilisha sehemu zilizolika, hata baada ya kwisha kwa waranti, ambayo ni ahadi ya mtengenezaji kubeba gharama ya kipuri kibovu kwa muda maalumu. Mfumo wa reli ya pamoja, ambamo bomba moja hulisha dizeli yenye presha kwenye injekta zote (vipuri vinavyobeba nozeli), na ambao kampuni ya Denso iliuingiza kwenye malori mwaka 1995 na Bosch kwenye magari madogo mwaka 1997, ulipunguza kelele na moshi, lakini presha yake, inayozidi ile ya hewa ya kawaida mara 1,000 na zaidi, hudai vipuri vilivyochongwa kwa usahihi ambao maji au uchafu kidogo tu huuharibu. Pampu ikisagika, chembe za chuma husambaa hadi kwenye injekta, na mwenye gari hulazimika kubadilisha karibu mfumo mzima. Na magari mengi yaliyotumika yanayoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani hufika waranti ya kiwandani imekwisha, hivyo gharama hiyo humwangukia mwenye gari. Kwa kuwa maji na uchafu ndio adui, kubadilisha chujio la dizeli kwa wakati ndiyo kinga nafuu kuliko zote.